Mita Kumi Juu ya Mabati ya Satellite

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa binamu yangu. Sikuwa mtangazaji. Nilikuwa fundi mwenye cheti cha mawasiliano, lakini niliamini kwamba mtu akiajiriwa na televisheni lazima atakaa karibu na taa kali na watu mashuhuri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilifika kwenye jengo letu katikati ya jiji la Nairobi, nikauliza kitengo cha vipimo kiko ghorofa ya ngapi, na askari wa mlangoni akanionyesha gereji.

Huko nilimkuta Sikh mmoja wa makamo, kilemba cha samawati, mikono imejaa grisi, amelala nusu mwili chini ya gari. Huyo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Vipimo. Jina lake Harbans.

"Wewe ndiyo Nyokabi?" aliuliza bila kutoka chini ya gari.

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo viatu ni ya harusi. Kesho kuja na raba. Kazi yetu iko barabarani."

Ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Ninawaandikia ninyi vijana mnaobonyeza kitufe mkapata picha safi, mkadhani imejileta. Ninaandika pia kwa sababu ya ramani moja yenye sahihi yangu. Ramani hiyo ilisema uongo kuhusu Satellite, mtaa wa Riruta nilikozaliwa, na ilifika siku ikanibidi niseme hivyo mbele ya watu.

Kwanza kazi yenyewe. Mtambo wa kurusha matangazo hutoa mawimbi, na mawimbi hayafiki kila mahali kwa nguvu moja. Yanazuiwa na vilima, yanapungua mabondeni, yanagonga majengo na kurudi. Sisi tulizunguka na gari lenye mlingoti wa mabomba yanayoingiana. Ukipiga pampu ya hewa, mlingoti unapanda mpaka mita kumi kutoka ardhini, na kileleni kuna antena. Waya unashuka mpaka kwenye mita ndani ya gari, nayo inakusomea nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Kando ya mita kulikuwa na televisheni ndogo, na picha tuliipa alama kuanzia moja, yaani haiangaliki, mpaka tano, yaani haina dosari. Kila kituo cha kipimo kilipakwa rangi kwenye ramani: kijani ni nzuri, manjano ni ya kuvumilia, nyekundu hakuna kitu.

Kabla ya kupandisha mlingoti Harbans alikuwa na sheria moja. Kila mmoja wetu alishuka garini, akaangalia juu, akatamka kwa sauti, "Juu safi." Waya wa umeme ukigusana na mlingoti huo, mazishi ni ya watu wawili. Hata pale Karen, mtaa wa matajiri, kwenye viwanja vikubwa ambako hakukuwa na nyaya juu yetu, tulisimama chini ya miti tukasema "Juu safi," na watunza bustani wakatuangalia wakidhani tunaomba.

Nilimuuliza Harbans kwa nini mita kumi, si nane wala kumi na mbili. Alifunga mlango wa gari kwanza.

"Wahandisi wa dunia nzima walikaa chini wakakubali," alisema. "Mtu ya Japani akiona ramani yako, anajua umepima mita kumi. Mtu ya Brazili pia. Ukipima yako na yeye apime yake, hapana kuwa na kipimo. Iko maoni tu."

Nilistaajabu, na sioni haya kusema hivyo. Mimi msichana wa Riruta, nimesimama kando ya barabara ya vumbi, nilikuwa naandika nambari ambayo mtu nisiyemjua ng'ambo ya dunia angeielewa bila kuniuliza swali. Tangu siku hiyo mita kumi ikawa kwangu kitu kitakatifu.

Harbans alijua mambo. Wakati huo majengo marefu yalikuwa yanaota katikati ya jiji, na kila jengo jipya lilituletea malalamiko ya vivuli. Kivuli ni picha ya pili inayokaa kando ya ile ya kwanza, kwa sababu wimbi limekuja moja kwa moja, kisha pacha wake akafika amechelewa baada ya kugonga ukuta mahali. Bibi mmoja wa Kihindi huko Muthangari, mwenye duka la vitambaa mjini, alitupigia simu akasema msomaji wake wa habari ana vichwa viwili. Tulipofika alitukaribisha chai ya maziwa yenye tangawizi na akatuonyesha. Kweli, vichwa vilikuwa viwili.

Harbans alitoa rula mfukoni, akaiweka juu ya kioo cha televisheni, akapima umbali kati ya pua ya kwanza na pua ya pili. Akaandika kidogo kwenye pakiti ya biskuti.

"Televisheni kubwa kama hii, sentimita moja ya kivuli ni kama mita mia tatu ya safari ya ziada," aliniambia. Akafungua ramani ya jiji, akazungusha penseli, akagonga kidole juu ya jengo moja jipya. "Huyu ndiye mwizi."

Tuligeuza antena ya yule bibi nyuzi chache tu, mgongo ukaelekea lile jengo, na kichwa cha pili kikapotea. Bibi akapiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, nikiwaza kwamba mtu anaweza kuweka rula juu ya pua ya msomaji wa habari akajua ukuta uliomdhuru uko wapi. Hata leo nikikumbuka ninatikisa kichwa.

Mwaka wa pili nilikabidhiwa ramani yangu mwenyewe: Kawangware, Riruta na Satellite. Nilifanya kazi hiyo kwa adabu zote. Nilisimamisha gari kila baada ya umbali uliopangwa, nikasema "Juu safi," nikapandisha mlingoti mpaka alama nyekundu ya mita kumi, nikasoma, nikaandika. Satellite yote ilitoka kijani. Niliipaka rangi kwa mkono, nikatia sahihi chini, na Harbans akatia yake juu ya yangu.

Mama yangu aliishi pale Satellite, nyumba ya mawe yenye paa la mabati, jirani na Mama Kimani ambaye alikuwa na kioski cha mboga. Nilipomwambia kwamba nimepima mtaa wetu na ni kijani kitupu, alifurahi kuliko nilipopata cheti. Alitangaza kanisani. Nyokabi amepima, Satellite ni kijani.

Miaka ikaenda. Nilitoka fundi msaidizi nikawa fundi, kisha fundi mwandamizi. Mara kwa mara barua za malalamiko zilitoka Satellite na Kawangware, kwamba picha ina chenga, ile mvua nyeupe inayonyesha juu ya picha mawimbi yakiwa dhaifu. Ofisini tulikuwa na barua moja ya kujibu watu wote: vipimo vyetu vinaonyesha mtaa wenu unapata mawimbi ya kutosha, tafadhali kagua antena au televisheni yako. Nyingi nilizitia sahihi mimi. Sikuwa na shaka hata chembe, maana ramani ilikuwepo ukutani na mimi ndiye niliyeipima.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Mhandisi Mkuu, mtu mkali aliyevaa tai hata Jumamosi, alituita mimi na Harbans ofisini kwake. Wageni walikuwa wanakuja kuonyesha televisheni ya aina mpya, ya dijitali, inayorushwa na minara ya ardhini kama yetu. Wangeonyesha kwenye hoteli moja mjini, halafu kamati ingeandika mpango wa jinsi Nairobi itakavyohama siku moja. "Mpango utafuata ramani zenu," alisema. "Nataka zote safi, bila vumbi."

Wakati huo Harbans alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na kila mtu alijua nafasi yake ingekuja kwangu.

Sijawahi kuona kitu kama nilichokiona hotelini siku ile. Mgeni wetu, mhandisi mwembamba aliyezungumza polepole, aliweka televisheni mbili mezani. Moja ya mtindo wetu, nyingine imeunganishwa na kisanduku ambacho siku hizi mnakiita king'amuzi. Alieleza kwamba katika mtindo wetu kila kituo hula nafasi nzima ya masafa, kwa sababu picha inatumwa yote, mstari kwa mstari, mistari mia sita ishirini na tano, mara ishirini na tano kila sekunde, hata kama msomaji wa habari amekaa tu na ukuta wa nyuma yake haujatikisika. Katika mtindo mpya picha inageuzwa kuwa nambari, na kinachotumwa ni kile kilichobadilika tu. Hivyo nafasi iliyobeba kituo kimoja inabeba vinne, vitano, hata zaidi. Mtambo mmoja, mnara mmoja, bili moja ya umeme, na vituo vinagawana gharama.

Kisha akawasha kifaa cha kutengeneza vivuli kwa makusudi. Televisheni yetu ikaonyesha vichwa viwili, vitatu, vinne. Ile ya pili haikutikisika. Akaeleza kwamba nambari zimetawanywa juu ya maelfu ya mawimbi madogo yanayokwenda sambamba, kila moja kwa mwendo wa taratibu, na kati ya nambari na nambari kuna muda mfupi wa kusubiri. Mwangwi, yaani lile wimbi pacha lililochelewa, unafika ndani ya muda huo, unakuta hakuna anayesikiliza, unakwisha. Zaidi ya hapo, mnara mdogo unaweza kurusha kwenye masafa yale yale ya mnara mkubwa, na king'amuzi kikauchukulia kama mwangwi mwingine tu, kikajumlisha.

Nilimtazama Harbans. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Miaka thelathini nafukuza vivuli," alininong'oneza. "Huyu amefanya vivuli rafiki."

Halafu mgeni akafanya jambo la mwisho. Akaanza kupunguza nguvu ya mawimbi, kidogo kidogo, kwa televisheni zote mbili. Yetu ikaanza chenga, chenga zikazidi, ukawa unaona mtu kwa shida lakini unamwona. Ya dijitali ikabaki safi. Akapunguza tena, safi. Akapunguza tena, ikaganda, ikazimika. Nyeusi tititi.

"Hakuna chenga huku," alisema. "Kuna picha kamili au hakuna kitu. Kwa hiyo lazima tujue mapema mabonde yenye mawimbi dhaifu, tuweke mitambo midogo ya kuziba mapengo. Na kumbukeni, mrushaji anaokoa gharama, lakini mwananchi ndiye anayenunua king'amuzi. Akikinunua kisha aone giza, mmempoteza."

Akageukia ramani zetu ukutani. Akapitisha kidole juu ya Satellite, kijani yangu ya miaka mingi. "Hapa hapahitaji kitu," alisema, na kamati ikaandika. Mhandisi Mkuu akaniangalia kwa kuridhika. Kikao cha kufunga orodha ya mitambo midogo kiliwekwa wiki mbili mbele.

Jumapili ile nilikwenda kwa Mama jioni, mimi niliyezoea kumtembelea mchana televisheni ikiwa imezimwa, nikiwa bado nimejaa yale maajabu. Nilimkuta sebuleni, amesogeza kiti mpaka magoti yanakaribia kugusa televisheni, amevaa miwani minene nisiyoijua. Kwenye kioo chenga zilikuwa zinamwagika.

"Mama, hiyo miwani ni ya lini?"

"Ya pili hii," alisema. "Ya kwanza haikusaidia. Daktari anasema macho ni mazuri, lakini daktari naye atajua nini?"

"Mbona hukuniambia picha ni mbaya?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Picha si mbaya, Nyokabi. Si wewe ulipima? Ni macho yangu ndiyo yanaona hizi nyeupe. Hata Mama Kimani nilimwambia, shida ni televisheni yake. Akanunua televisheni ingine, bado tu. Tukasema ni uzee."

Nilitoka nje nikaangalia antena yake. Ilikuwa imefungwa kwenye fito juu ya mabati, urefu ambao ningeweza kuugusa nikisimama juu ya meza. Nikaangalia paa la Mama Kimani, kisha la mbele yake, kisha bonde lote. Mita tatu, mita tatu na nusu. Hakukuwa na antena hata moja iliyofika mita kumi.

Mita kumi ilipangwa na watu wenye nyumba za ghorofa, wanaofunga antena kwenye bomba la moshi. Karen ilikuwa sawa. Muthangari ilikuwa sawa. Satellite nilipima hewa ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaitumia.

Jumatatu nilichukua gari bila kumwambia mtu, nikapandisha mlingoti mpaka mita tatu na nusu tu. Bonde lote likatoka nyekundu, na pembeni manjano kidogo. Nilirudia kila kituo mara mbili, nikitumaini nimekosea. Nilirudi gereji nikamwekea Harbans karatasi mezani.

Alisoma yote. Uso wake ukabadilika rangi.

"Kipimo ni mita kumi," alisema.

"Najua, mzee. Lakini watu wako mita tatu."

"Hiyo si makosa yetu. Sisi tumefuata."

"Tumefuata. Na wakienda dijitali na ramani hii, watanunua kile kisanduku na wataona giza. Halafu sisi tutawaandikia ile barua yetu."

Aliikunja karatasi, akaikunjua tena. Nilijua anachofikiria, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakifikiria. Sahihi yake ilikuwa juu ya yangu. Yeye alikuwa anakwenda nyumbani na heshima ya miaka thelathini, na mimi nilikuwa nasubiri kiti chake. Ramani ikibaki kijani, hakuna ambaye angejua mpaka sote tumeondoka.

"Kesho tutaenda pamoja," alisema mwishowe. "Mimi nataka kuona kwa macho."

Tulikwenda. Alipanda ngazi kando ya paa la Mama, akashika antena kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikasoma mita. Alishuka, akaniambia niandike.

Siku ya kikao nilisimama. Nilisema ramani ya Satellite ni ya uongo, kwamba niliipima mimi, kwa urefu uliokubaliwa na dunia lakini si na paa za watu wale, na kwamba kwa miaka mingi niliwajibu kwa barua kwamba wanaona vizuri.

Mhandisi Mkuu alivua miwani. "Yaani miaka yote hii mlikuwa mnawapimia ndege wa angani?"

Hakuna aliyecheka. Harbans akainuka karibu yangu.

"Sahihi ya juu ni yangu, bwana," alisema. "Mimi ndiye nilimfundisha. Weka jina langu kwanza."

Waliandika. Satellite na bonde lake zikaingia kwenye orodha ya mapengo, na kwa kuwa aibu ilikuwa imeshafika mezani, tukapewa pia mtambo mdogo wa mtindo wa zamani uwekwe kwenye kilima kilicho juu ya bonde wakati dijitali inasubiriwa. Kwenye mwongozo wa ofisi ikaongezwa kwamba kila mahali papimwe mara mbili, mita kumi na kimo cha paa. Nafasi ya Harbans alipewa mtu kutoka idara nyingine. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilibaki fundi mwandamizi mpaka nilipostaafu, nikifanya kazi chini ya bwana mdogo asiyejua hata kushika rula.

Dijitali yenyewe ilichelewa sana, ilikuja nikiwa nimeshastaafu, na nilipoiwasha kwangu kwa mara ya kwanza nilikaa mbele yake nusu saa nikiangalia tu ukuta nyuma ya msomaji wa habari. Haukuwa na chenga wala kivuli. Nilimkumbuka Harbans, Mungu amrehemu. Watu wakiniuliza fundi mzuri ni nani, huwa nawaambia waheshimu vipimo vya dunia, kwa sababu bila hivyo hatuelewani. Lakini kabla ya kupandisha mlingoti, waulize wenye nyumba antena yao iko wapi.

Kusimama mbele ya kamati kulikuwa kugumu. Lililokuwa gumu zaidi ni la jioni ya siku ile ile, nilipokwenda Satellite kumwambia Mama. Nilikaa karibu naye nikamweleza yote, mita kumi, mabati, barua zile. Nikamwambia, "Mama, macho yako hayana kitu. Hayajawahi kuwa na kitu. Ni mimi niliyekosea."

Aliinuka polepole akajifunga leso. Nilifikiri amekasirika, na alikuwa na haki. Akatoka mpaka kwenye ua. Nikamsikia akiita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miaka.

"Mama Kimani! Mama Kimani, toka nje! Kumbe wakati wote tulikuwa tunaona vizuri!"

Nikainamisha kichwa pale kwenye kiti, nikalia.